Bei ya chuma, au bei ya kidonda?

Jembe lililoliwa na kutu halipati mnunuzi. Lakini kuna bunduki na bastola za zamani ambazo matajiri huzinunua na kuziweka kabatini, wakingoja bei ipande.

Tutazame moja tu. Mwaka 2019, katika mnada mjini Paris, bastola iliuzwa kwa euro 162,500. Imeharibika kwa kutu, haiwezi kuua hata njiwa. Mkulima aliiokota shambani huko Auvers-sur-Oise, kijiji ambamo mchoraji Vincent van Gogh alijipiga risasi mwezi wa Julai 1890, akafa siku mbili baadaye. Hakuna aliyehakikisha kwamba ndiyo yenyewe, wanadhani tu. Basi feza ile yote ililipwa juu ya nini? Si juu ya chuma. Ililipwa juu ya kidonda cha mtu maskini, tena kwa kudhania.

Mtatujibu: kununua si kuua. Ni kweli, na anayeitunza ili watu wakumbuke hatumlaumu. Lakini tumfikiri yule anayengoja faida. Siku moja wakimletea habari kwamba ushahidi umepatikana, kwamba hakika ndiyo iliyomwua yule mtu, atafurahi sana, kwani bei itapanda tena. Sisi tungependa kumwuliza: rafiki, unafurahia nini?