Amri na Mazoea

Tendo jema lina wazazi wawili: huweza kuzaliwa na hofu, na huweza kuzaliwa na mazoea. Mtu asiyekata mti kwa kuwa askari yupo karibu, na mtu asiyekata mti kwa kuwa mkono wake umelelewa kuuheshimu, wote wawili wameuacha mti umesimama. Macho hayaoni tofauti kati yao. Tofauti huonekana siku askari anapoondoka. Kwa hiyo kila azungumzaye juu ya kutunza mazingira nyumbani na kijijini hana budi kujibu swali moja: je, mazoea mema yaweza kuamriwa?

Nainokanoka ni mahali pafaapo kulipima swali hili. Kata hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, katika nyanda za juu zenye baridi na ukungu, karibu na mlima Olmoti. Katika mlima huo huanzia mto Munge, ambao huteremka mpaka ndani ya kreta ya Ngorongoro na kuishia katika ziwa Magadi. Kilichotendwa juu hufika chini. Chupa ya plastiki iliyotupwa kando ya njia, sabuni iliyomwagwa mtoni, au kuni zilizokatwa penye chemchemi, haya huitwa mambo ya nyumbani; lakini ni mambo yenye miguu, nayo hutembea hadi kwa watu na viumbe ambao mtendaji hatawaona kamwe.

Wahenga walisema kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna mchovyaji hata mmoja ajionaye kuwa ndiye aliyelimaliza buyu. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Marekani, aliitoa hoja hiyo kwa mfano wa malisho ya shirika: kila mfugaji huongeza ng'ombe mmoja kwa faida yake mwenyewe, na hasara huwagawia wote, mpaka malisho yakafa. Dawa aliyoiona ilikuwa kuigawa mali hiyo kwa watu binafsi au kuitawala kwa nguvu. Walakini hoja hiyo iliusahau uwezo wa watu kusemezana. Wamaasai wana desturi ya kutenga malisho karibu na boma, yaitwayo alalili, kwa ajili ya ndama na wanyama wadhaifu wakati wa kiangazi. Ng'ombe wazima hupelekwa mbali ilhali majani yapo karibu. Kijana achungaye huijua mipaka pasipo ukuta wala seng'enge, kwa sababu wazee wamemwonyesha, na kwa sababu ndama wanaohifadhiwa ni wa nyumba yake pia. Elinor Ostrom, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990, alionyesha kuwa jamii nyingi duniani, tangu malisho ya milima ya Uswisi hadi mifereji ya maji ya Hispania, zimehifadhi mali ya shirika kwa vizazi vingi kwa kanuni walizojiwekea wenyewe. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Je, amri basi haina kazi? Ina kazi kubwa. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na kwa muda mfupi mifuko iliyokuwa ikining'inia mitini na kumezwa na ng'ombe ikapungua machoni. Amri hiyo ilifaulu kwa kuwa kikapu kilikuwapo kabla ya mfuko, na mkono ulikikumbuka. Hata hivyo, hazikupita siku nyingi, vifungashio vyepesi vilivyokusudiwa kufungia bidhaa vikaanza kubebea mizigo. Amri ilikuwa imefunga mlango. Nia isiyobadilika ikatafuta dirisha. Amri huweza kuukomesha mkono, wala haiwezi peke yake kuufundisha. Kufundisha ni kazi ya muda, nao muda wataka nchi iliyotulia.

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa kwa sheria mwaka 1959, wanyama wa porini na wafugaji wakae pamoja. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni. Hoja yake si ya kudharauliwa: watu waliokuwa yapata 8,000 wakati wa kuanzishwa kwa hifadhi wamezidi 100,000, na ardhi haikuongezeka. Serikali husema kuwa kuhama ni hiari. Wakazi wengi wamepinga, na Agosti 2024 maelfu yao waliandamana. Yeyote atakayeonekana kuwa na haki zaidi, jambo moja ni dhahiri. Apandaye mti hufanya mkataba na miaka ijayo. Si rahisi mtu kupanda mti wa kivuli katika ua ambao hajui kama atauamkia. Kumtaka mtu awe mlinzi wa nchi, na papo hapo kumwacha katika shaka kama yu mwenyeji au mpita njia, ni kumdai tunda la mti ambao mizizi yake imeachwa juani.

Tena yafaa kuuliza ni nani abebaye mzigo wa mazoea hayo. Katika boma la Kimaasai mwanamke ndiye ajengaye nyumba, achotaye maji na aletaye kuni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 umekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema, kwani moshi huumiza macho na mapafu. Lakini katika baridi ya Nainokanoka moto haupiki tu. Hupasha nyumba joto usiku kucha. Jiko la gesi hulipa deni la chungu na kuliacha deni la baridi. Mshauri asiyeuliza moto una kazi ngapi atamwona mama yule kuwa mkaidi, kumbe ushauri ndio uliopungua. Insafu yataka pia ikumbukwe kuwa moshi wa moto wake ni mdogo mno mbele ya moshi wa magari na viwanda vya mataifa tajiri.

Hata hivyo, shaka ya makao na uchache wa moshi si ruhusa ya uzembe. Dhuluma huweza kuueleza uharibifu. Haiwezi kuugeuza kuwa wema. Mtoto hangoji mashauri ya wakubwa yaishe ndipo akue. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na aliyelelewa katika kungoja hujifunza kungoja. Akizoezwa leo kukusanya kuni kavu na kuuacha mti mbichi, kurudi nyumbani na chupa aliyokwenda nayo, na kunywesha mifugo mahali ambapo hawatachafua maji ya kunywa, mikono hiyo ataichukua popote atakapoishi. Mazoea ya mikono huhama na mwenyewe. Lakini ujuzi wa alalili, wa kujua mteremko upi hupona upesi baada ya mvua na upi haufai kuguswa kabisa, haupakiwi ndani ya lori. Huo hukaa pale watu walipokaa, na ukivunjika hujengwa upya kwa umri wa kizazi kizima.

Basi mazoea mema hayaamriwi kama kodi. Huamriwa kiasi, hufundishwa zaidi, na zaidi ya yote hupewa mahali pa kukaa. Serikali ina wajibu wa kumpa mwananchi uhakika na chombo kinachofaa. Mwananchi ana wajibu wa kutenda vema hata pasipo shahidi. Kila upande ukiutimiza wajibu wake bila kusubiri mwenzake autimize kwanza, askari atakapoondoka Nainokanoka mti hautajua kuwa ameondoka.