Kipaza Sauti ni cha Nani?

Swali la insha hii linaweza kuonekana dogo mno kuingizwa katika mjadala wa maadili: mtu anayetaka kununua vyombo vya karaoke kwa ajili ya sherehe za nyumbani na shughuli ndogondogo, anunue vya aina gani? Wauzaji wa madukani hapa Arua wana jibu la haraka, nalo ni kwamba ununue kikubwa kuliko vyote ambavyo mfuko wako unavimudu. Niliishi na jibu hilo kwa mwaka mzima. Sasa siliamini tena, ingawa kaka yangu, mshirika wangu katika biashara hii, hakubaliani nami hadi leo.

Wakati wa likizo ndefu tulichanga shilingi milioni moja na laki mbili, tukanunua spika mbili kuukuu za inchi 15, spika moja ya besi, mixa ndogo na maiki mbili. Tulikuwa tukivikodisha kwa sherehe za kuzaliwa, ubatizo, mahafali, na zile jioni ambazo vijana hukusanyika bila sababu yoyote. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mixa. Jumamosi moja tulikuwa kwenye sherehe ya mahafali huku Ayivu, katika boma lenye ukuta na geti, kwenye mtaa ambao nilipokuwa mdogo ulikuwa mashamba ya mihogo na sasa umejaa vyumba vya kupanga. Ilikuwa imepita saa nne usiku. Mtoto wa miaka tisa hivi alisimama getini akipunga mikono. Mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufungwa, lakini hakuna aliyesikia neno. Wageni wakadhani anacheza. Wakampigia makofi, mmoja akampa soda. Mtoto alisimama kidogo ameshika chupa, kisha akaondoka. Nilimwona kwa macho yangu, na nilicheka pamoja na wengine.

Asubuhi tulipokuwa tukikunja nyaya, mama yake alikuja. Hakufoka. Alitueleza kwamba baba wa mtoto alitoka hospitalini siku mbili kabla, ana mshono tumboni, na kila besi ilipopiga alikuwa akishika ubavu. "Nilimtuma mtoto awaombe mpunguze," alisema. Kisha akaongeza, "Asanteni kwa soda."

Kaka alipeleka kilo mbili za sukari na kuomba radhi, na mama yule akapokea kwa moyo mweupe. Mimi nimebaki na kazi ya kutafuta kosa letu lilikuwa lipi hasa.

Jibu la kwanza linalokuja ni kelele. Uganda ina kanuni za viwango na udhibiti wa kelele za mwaka 2003, ambazo kwa nyumba za kuishi zinaruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo huanza saa nne. Lakini hebu tupige hesabu. Sauti mahali palipo wazi hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika yenye desibeli 100 ukiwa mita moja mbele yake huwa na 94 kwenye mita mbili, 88 kwenye mita nne, na kwenye mita 32 bado ina 70. Ili ishuke hadi 35, kama hakuna ukuta wala mti, itakubidi utembee karibu kilomita mbili. Vizuri, spika zetu zimehukumiwa. Lakini mazungumzo ya kawaida ya watu wawili barazani ni kama desibeli 60 kwa mita moja, kwa hiyo jirani aliye mita kumi anapata 40, na wazungumzaji hao nao wamevunja sheria. Kanuni inafaa kumwonyesha mtu mwelekeo. Haielezi kwa nini ile "asante kwa soda" iliniuma hivyo.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba wingi wa desibeli pekee hautoshi. Msiba unapotokea kwetu, ngoma na nyimbo huweza kukesha. Wagonjwa wa mtaa ule nao husikia, lakini sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba matanga yamemnyima usingizi. Nadhani sababu ni kwamba ngoma ile inaita. Kila inayemfikia anatakiwa aje, akae, anywe kwete kama ipo, alie na wenzake. Umbali ambao sauti inafika na umbali ambao mwaliko unafika ni uleule. Sherehe yetu ya mahafali ilikuwa na orodha ya wageni na kijana wa kulinda geti. Spika iliwaambia watu wa mtaa mzima njooni, geti likawaambia rudini. Kijijini tulizoea sauti kubwa iliyoambatana na chakula. Mjini tumeichukua sauti, chakula tukakifungia ndani.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliliona jambo linalokaribiana na hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wetu wa kuamua lililo zuri, aliulaumu muziki kwa kukosa adabu, kwa sababu unaenea kwa majirani wasioutaka, akaufananisha na mtu anayetoa leso yenye manukato mfukoni na kuwalazimisha wote walio karibu kuyavuta. Miaka sita kabla ya hapo alikuwa amemwandikia meya wa Königsberg, von Hippel, akilalamikia wafungwa wa gereza la jirani waliokuwa wakiimba nyimbo za dini kwa sauti kubwa. (Angepanga chumba karibu na kwaya zetu za adungu, sijui angeandika barua ngapi.) Namheshimu Kant, ila sisimami naye moja kwa moja. Hoja yake ikifuatwa hadi mwisho itaifukuza pia ngoma ya msiba. Kilichonivutia ni ile barua. Kant alikerwa, akachukua kalamu, na meya alikuwa rafiki yake. Mtoto wa getini hakuwa na meya. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo huo spika zetu zilikuwa zimemnyang'anya.

Hapo ndipo ninapoliweka kosa letu. Tulichagua chombo ambacho kikishawashwa hakuna awezaye kukiambia hapana. Kumkera jirani ni jambo la kawaida katika maisha ya watu wanaoishi karibu. Jogoo wake ananikera, moshi wangu unamkera, tunasemezana, yanakwisha. Kumkera huku umeziba njia ya kukwambia ni jambo la aina nyingine. Na uamuzi huo haukufanyika usiku ule. Ulifanyika dukani, mchana, tulipokuwa tukiangalia namba zilizoandikwa kwenye maboksi.

Pingamizi kubwa kuliko yote sikulipata kwa kaka, nililipata kwa dede, kama tunavyomwita bibi kwa Kilugbara. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, jeshi lililofuata lililipiza kisasi kwa watu wa West Nile, na maelfu walikimbilia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, na Sudan. Dede alivuka mpaka mwaka 1980 akiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Nilipomweleza fikra zangu kuhusu spika, alinisikiliza, kisha akasema kwamba kimya anakifahamu kuliko mimi. Majuma ya mwisho kabla ya kukimbia, anasema, hakuna aliyepiga ngoma usiku wala kukohoa kwa nguvu. Alipopata kusikia tena muziki usiku, baada ya kurudi, ndipo alipoamini kwamba amefika nyumbani. "Msituletee tena kimya," aliniambia.

Sikuwa na jibu, na hata sasa ninalo nusu tu. Ningeweza kusema kwamba kimya kile nacho kilikuwa hali ya watu kutoweza kusema, na kwa hiyo dede na mimi tunalalamikia kitu kimoja. Lakini kulinganisha hofu ya bunduki na spika ya sherehe ni kukosa haya. Ninachoweza kusema ni kwamba dede hakuniomba desibeli. Aliomba watu waimbe. Na karaoke, ikiwa na maana yoyote, ni hiyo.

Jina lenyewe kwa Kijapani lina maana ya okestra tupu: muziki upo, mwimbaji hayupo, nafasi yake imeachwa kwa yeyote atakayesimama. Daisuke Inoue, mpiga kinanda wa baa za Kobe, alitengeneza mashine yake mwaka 1971 na hakuiombea hataza. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Ig Nobel, ile tuzo ya mzaha kidogo, kwa kuwapa watu njia mpya ya kujifunza kuvumiliana. Nilicheka niliposoma hivyo mara ya kwanza. Sasa naona ni maelezo mazuri ya chombo hicho, mradi kiwe kimechaguliwa vizuri. Kwani nimeona mara nyingi mtu mwenye sauti ndogo akipewa maiki mbele ya spika zetu kubwa. Muziki unamfunika, anaanza kupiga kelele, maiki inapiga filimbi, anairudisha akicheka na hasimami tena usiku kucha. Anayebaki ni yuleyule mwenye mapafu. Kiswahili chetu kinaita kipaza sauti kile kinachoshikwa mkononi na kile kinachonguruma ukutani, jina moja kwa vyote viwili, na kwa muda mrefu sikuona kwamba kimoja kinaweza kumeza sauti ambayo kingine kimepewa.

Kwa hiyo kwa mwenzangu anayetaka kununua, naweza kusema machache niliyojifunza. Wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi mara nyingi ni za kilele cha sekunde moja, si nguvu ambayo spika inaihimili muda wote. Na hata zikiwa za kweli, kuongeza wati maradufu kunaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika wati kama mara kumi. Fedha nyingi basi hununua tofauti ndogo. La pili ni besi, na hili ndilo zito. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta. Sauti nzito hupita. Jirani yako hapati wimbo, anapata kishindo chake tu, dum, dum, hadi alfajiri. Na sauti ya binadamu, hata ya mwanamume mzito, huanzia karibu na hezi 80, kwa hiyo spika ya besi haimsaidii mwimbaji hata kidogo. Sherehe ya watu thelathini haiihitaji. Fedha hiyo iende kwenye maiki nzuri mbili zinazoshika sauti ya mbele tu, na spika mbili ndogo zilizowekwa karibu na wasikilizaji, zikiupa mgongo uzio wa jirani. Maiki zikae nyuma ya spika, filimbi itapungua. Simu iunganishwe kwa waya, maana kwa Bluetooth muziki huchelewa na mwenye kuimba kwa kufuata maandishi kwenye skrini hupotea. Betri ya ndani ni nzuri, kwa sababu umeme ukikatika jenereta nayo ni kelele nyingine.

Tuliuza spika ya besi na zile za inchi 15, tukanunua mbili za inchi 8 zenye betri. Kipimo changu nikiwa kwenye mixa si cha desibeli. Namweka mtu getini aniite kwa jina kwa sauti ya kawaida ya kuita, nami lazima nimsikie. Nisiposikia, napunguza. Pia kabla ya sherehe kuanza napita nyumba za jirani na kuacha namba yangu ya simu. Kaka anasema ukitoa namba watakupigia.

Ni kweli, wanapiga. Mwezi uliopita, wimbo wa Don Williams ukiwa katikati na mjomba wa mwenye sherehe akiuimba kwa furaha, simu ilitetemeka mfukoni: mtu wa nyumba ya tatu ana mtoto mwenye homa. Nilipunguza. Mwenye sherehe akaja akaniambia yeye ndiye aliyelipa, na ana haki yake. Ana haki, sikubisha, ila sikuongeza. Wakati wa malipo alikata shilingi elfu thelathini, na kaka hakunisemesha hadi Jumanne. Wiki iliyofuata tulipigiwa kutoka Koboko kwa sherehe ya watu mia mbili; tukasema hatuna vyombo vya ukubwa huo, wakamchukua mwingine. Kaka ameniandikia hesabu ya tulichopoteza tangu Januari kwenye karatasi ya daftari na kuibandika ukutani juu ya mixa, ili niione kila ninapoiwasha.