Mifupa Huja Nyuma
Ezekieli 37:1–10, Luka 8:49–56



Nabii Ezekieli alipowekwa katika bonde la mifupa mikavu aliona mambo yakifuatana kwa taratibu. Kwanza mifupa ilisogeleana, ndipo ikaja mishipa, kisha nyama na ngozi, na mwisho pumzi. Lakini wako wachache katika sharika zetu ambao kwao mambo huenda kinyume: nyama hurudi kwanza, na mifupa huja nyuma kabisa. Twanena habari za vijana, hasa mabinti, walioshikwa na ugonjwa wa kujinyima chakula, ambao madaktari huuita anoreksia, nao sasa wameanza kula tena.

Wako wasemao kwamba ugonjwa huu ni wa Ulaya, haufiki kwetu. Sivyo. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake na wasichana 214 wa Tanzania, na baadhi yao, ijapokuwa ni wachache, walikutwa na dalili za maradhi ya namna hii. Na kwetu Wakristo hujificha kwa urahisi, kwa kuwa binti asiyekula aweza kusifiwa kuwa ni mwenye kufunga na kuomba.

Basi mifupa hupatwaje? Sisi wa Mwanza tumezoea mawe. Jiwe la Bismarck limesimama majini tangu kabla ya babu zetu, wala hakuna aongezaye kitu juu yake. Mtu aweza kudhani kwamba mfupa nao ni hivyo. La, mfupa u hai, kama shamba lilimwalo na kupandwa tena: kila siku sehemu yake hubomolewa na nyingine hujengwa. Mtu hujiwekea akiba ya mifupa tangu utoto mpaka kukaribia miaka 30, na sehemu iliyo kubwa huwekwa kabla ya miaka 20. Njaa ikiingia katika miaka hiyo, kujenga hupungua, bali kubomoa huendelea. Siku za mwezi hukoma, na ile homoni ya kike iilindayo mifupa hupungua. Ndiyo maana msichana wa miaka 19 aweza kuwa na mifupa kama ya bibi kizee, wala asisikie maumivu yoyote mpaka siku atakapovunjika.

Akianza kula, uso wake hung'aa baada ya miezi michache. Mifupa hutaka miaka, na kwa wengine akiba yote hairudi. Twalisema neno hili wazi, maana tumaini la uongo ni ukatili. Lakini kula vizuri huzuia hasara isizidi, na wengi hupata tena sehemu ya kile walichopoteza. Dawa iliyo kuu ni chakula cha kutosha, uzito kurudi, na siku za mwezi kurudi zenyewe. Vidonge vya uzazi wa mpango vyaweza kuleta damu kila mwezi, wala damu hiyo si ushahidi kwamba mifupa imepona. Mungu ametupa dagaa wa ziwa hili, ambao huliwa pamoja na mifupa yao, na maziwa ya ng'ombe wa Usukuma, na jua; vyote hufaa mifupa. Lakini dagaa pasipo ugali wa kushiba hawamponyi mtu. Tena aliyedhoofika sana asishindiliwe chakula ghafula nyumbani, maana madini ya damu yaweza kuvurugika hata akafa. Apelekwe kwanza hospitali, ya wilaya au Bugando.

Sasa mtazameni Bwana wetu katika nyumba ya Yairo. Alipokwisha kumfufua yule binti wa miaka kama 12, aliagiza apewe chakula. Aliyeshinda mauti kwa neno lake hakuona haya kushughulika na chakula cha mtoto. Kisha akawakataza wazazi wasimwambie mtu lililotendeka. Wafasiri wana maneno mengi juu ya katazo hilo. Sisi twaona ndani yake rehema pia, mtoto asije akawa kitu cha kutazamwa na mji mzima.

Chakula, na kimya. Kwetu kumwambia mtu "Umenenepa" ni salamu ya heri. Kwa binti huyu ni mwiba, naye aweza kurudi nyumbani asile siku mbili. Akina mama, mwulizeni habari za masomo yake, au za kwaya. Wala asikemewe kwamba ana kiburi. Hatujaona malaria ikiondoka kwa kukemewa mgonjwa.

Tena mama aonaye mashavu ya binti yake yamejaa humrudishia ndoo ya lita 20 apande nayo mlimani katikati ya mawe yetu. Hizo ni kilo 20 juu ya uti wa mgongo usio tayari. Kutembea kwafaa, daktari akiruhusu. Mzigo kichwani, kurukaruka na kwaya, na mbio za siri za alfajiri ili kupunguza mwili, vingojee.

Liko na neno la Kwaresima. Martin Luther katika Katekisimo Ndogo alifundisha kwamba kufunga ni maandalio mazuri ya nje, bali astahiliye kweli ni yule aaminiye. Basi mwalimu atakayetangaza mfungo aseme mbele ya watu wote, pasipo kutaja jina, kwamba wagonjwa na wanaopona hawafungi, wala hawahesabiwi kuwa pungufu. Na kabla ya Jumatano ya Majivu amwendee binti huyo faraghani, pamoja na mmoja wa akina mama wa kanisa, amwambie kwamba katika siku zile 40 ale kila mlo aliopangiwa na daktari. Amwulize pia ni nani atakayeketi naye wakati wa kula.