Barua ya kujieleza ni ushahidi: Tusiwaandikie watoto wetu maisha yasiyo yao

KILA mwaka, wanafunzi wa kidato cha sita wanapomaliza mitihani yao mwezi Mei, chumba cha madrasa cha msikiti ninaoswali hapa Dar es Salaam hupata wageni. Huja baada ya swala ya Alasiri, wawili watatu, na madaftari yao mkononi. Baada ya salamu maneno ni yale yale: "Ustadh, tunaomba utusaidie barua."

Barua wanayoisema si ya kuomba kazi. Ni insha ya kujieleza, ambayo vyuo vya nje na wafadhili humtaka mwombaji aandike juu ya nafsi yake: wewe ni nani, umepitia nini, kwa nini unataka kusoma hiki. Uingereza maombi ya vyuo hupitia chombo kimoja kiitwacho UCAS, na maelezo hayo hayatakiwi kuzidi herufi 4,000. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026, UCAS imeyagawa katika maswali matatu: kwa nini unataka kusoma fani hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Marekani vyuo vingi hutumia fomu ya pamoja ambayo insha yake haizidi maneno 650. Ufadhili wa serikali ya Uturuki nao humtaka mwombaji aeleze nia yake kwa maandishi.

Kwetu mtoto huingia chuo kwa alama zake za mtihani. Amesoma miaka kumi na mitatu na ameulizwa habari za mito, milima, vita na maumbo ya hesabu. Hakuna aliyewahi kumuuliza: wewe ni nani? Siku akiulizwa, kalamu humganda mkononi. Hapo ndipo hututafuta sisi wakubwa.

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitazame leo ni hili: msaada wetu kwa mtoto huyu unaishia wapi, na uwongo unaanzia wapi? Silizungumzi kama mtu aliyesimama kando. Mimi mwenyewe nimeteleza.

Usiku ambao hakuwepo

Miaka kadhaa iliyopita alikuja binti mmoja aliyetaka kusomea udaktari. Alikuwa na alama nzuri na Kiingereza cha wastani. Insha yake ilikuwa na mistari kumi na miwili, na mmoja ulisema bibi yake alifariki kwa maradhi ya moyo. Muda ulikuwa umebaki siku mbili. Nikamwambia, "Mwanangu, niachie." Usiku nikakaa nikaandika. Nikamweka yule binti kando ya kitanda cha bibi yake, taa ya hospitali ikififia, mkono wa bibi mkononi mwake, naye akiahidi kuwa daktari. Ilikuwa insha nzuri. Nilipoisoma nilijisikia fahari.

Aliitwa kwenye usaili. Aliporudi alikuja kunisalimia, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Ustadh, waliniuliza habari za usiku ule. Mimi sikuwepo. Bibi alipofariki nilikuwa bweni. Ikabidi nitunge, na nikaona wameelewa."

Ufadhili hakuupata. Hilo si kubwa, maana riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Kubwa ni kwamba mimi, mtu mzima ninayeitwa Ustadh, nilimweka binti wa watu mbele ya wageni, nikamlazimisha kuchagua kati ya kunifedhehesha mimi na kusema uwongo juu ya mauti ya bibi yake. Naye kwa heshima aliyonayo akachagua kusema uwongo.

Tokea siku hiyo nimeielewa barua hii kwa namna nyingine. Ni ushahidi. Mtoto anaweka saini chini yake na kusema, haya ni yangu na ni kweli. Tunajua dini yetu inasemaje juu ya ushahidi wa uwongo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiwatajia Masahaba madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea, na alipofikia ushahidi wa uwongo aliinuka akakaa, akalirudia hilo mpaka wakatamani anyamaze. Naye Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha kuusimamisha ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi wetu, awe anayehusika ni tajiri au maskini.

"Mbona matajiri wanafanya?"

Najua jibu nitakalopewa, na si jibu la kupuuzwa. Nitaambiwa: Ustadh, watoto wa matajiri wana washauri wa kulipwa. Lugha wanayoandikia ndiyo lugha waliyonyonyeshwa nayo. Wengine wanatumia hata rushwa. Ni kweli. Mwezi Machi mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kesi dhidi ya watu wapatao 50, wakiwemo wazazi matajiri na waigizaji wa filamu waliolipa fedha ili majibu ya mitihani ya watoto wao yasahihishwe kwa siri, au watoto hao waandikwe kuwa wanamichezo wakati hawakuwa. Ikiwa wenye kila kitu wanadanganya, kwa nini mtoto wa mama ntilie ndiye aambiwe aende na ukweli wake mtupu?

Hoja hii ina uzito, lakini inasahau mtu mmoja. Nafasi za ufadhili ni chache na zimehesabiwa. Tukimwandikia mtoto wetu uyatima asiokuwa nao, nafasi hiyo hatumnyang'anyi mtoto wa tajiri wa Marekani, kwa sababu yeye hagombei fungu la maskini. Tunamnyang'anya yatima wa kweli, pengine wa Tandahimba au Pemba, aliyeandika mwenyewe kwa Kiingereza cha kubahatisha. Dhulma ya mkubwa haihalalishi dhulma ya mdogo kwa mdogo mwenzake.

Kisha tazama uwongo huu unavyofanana. Nenda kwenye steshenari yoyote iliyo jirani na shule, uombe kuandikiwa barua. Mchapaji atafungua barua ya mteja wa jana, abadilishe jina na tarehe, akutoze pesa yako. Wenzetu nao wanayo hayo. Mwaka 2007 ukaguzi wa maelezo ya waombaji wa vyuo vya Uingereza uligundua watu 234 walioandika kisa kimoja kile kile, kwamba walipokuwa na miaka minane waliunguza nguo zao za kulalia wakichezea vifaa vya kemia, na ndipo wakaipenda sayansi. Watu 234 na utoto mmoja! Tokea Novemba mwaka 2022, ilipotoka programu ya ChatGPT, mchapaji wa steshenari amehamia kwenye simu, na kila mtoto anaweza kupata kwa dakika moja maisha yaliyonyooka ambayo si yake.

"Andikeni nimekufa"

Sasa nikusimulie kisa kilichonifanya niishike kalamu leo. Kijana mmoja alikuja na baba yake. Mzee yule ni muuza kahawa. Jioni hubeba birika lake na jiko la makaa, akapita baraza moja hadi nyingine. Walisikia kuna ufadhili unaotoa kipaumbele kwa mayatima. Kabla kijana hajafungua kinywa, mzee akasema: "Ustadh, andikeni nimekufa. Kama itamsaidia mtoto, mimi si kitu."

Kijana alitazama mkeka. Mimi nami nilikosa la kusema kwa muda, kwa sababu yale hayakuwa maneno ya tapeli. Yalikuwa maneno ya mzazi aliyekuwa tayari kutoa kitu pekee alichobakiwa nacho, yaani jina lake kuwa miongoni mwa walio hai.

Nikamwambia: "Mzee wangu, tukiandika hivyo halitakwisha leo. Kila fomu atakayojaza huko aendako itambidi akuue tena. Akipata mchumba, atamwambia nini? Siku ukifariki kweli, atamlilia nani?" Mzee hakujibu. Akafuta uso kwa kofia yake.

Kisha nikamgeukia kijana, nikaanza kumuuliza. Nani huosha vikombe? "Mimi." Tokea lini? "Darasa la tano." Wateja wote hulipa papo hapo? Hapo akacheka kidogo. Kumbe tokea kidato cha kwanza yeye ndiye anayetunza daftari la madeni ya baba yake. Baada ya mwaka mmoja aliweza kumwambia mzee fulani hulipa baada ya mshahara, fulani hulipa akikumbushwa mara mbili, na yule asikopeshwe mwezi wa Ramadhani kwa sababu hatoonekana mpaka Sikukuu. Alikuwa anaomba kusomea takwimu! Mtoto huyu alikuwa na elimu ya takwimu ndani ya daftari la kahawa, na sisi tulikuwa tunataka kuificha chini ya kaburi la uwongo.

Insha aliiandika mwenyewe, mara nne. Mimi nilisahihisha Kiingereza tu.

Ndugu msomaji, ningependa kukuambia alipata ule ufadhili. Hakupata. Alisoma chuo cha hapa hapa nchini kwa mkopo, kwa taabu. Nalisema hili makusudi, kwa sababu tumezoea kuwahubiria watoto kwamba ukweli unalipa, kana kwamba ukweli ni biashara. Kuna siku haulipi, na tunausema hivyo hivyo, kwa kuwa tumeamrishwa. Lakini mzee yule yu hai katika karatasi zote za mwanawe. Mimi naona hicho si kitu kidogo.

Haya isiyokuwa mahali pake

Upo upande wa pili ambao nao ni kosa, na huwapata zaidi mabinti zetu. Tumewalea kwa haya, na hilo ni jema. Lakini binti akitakiwa aseme amefanya nini, huandika: mimi ni mwanafunzi mwenye bidii. Basi. Ukimhimiza aongeze atakwambia, "Ustadh, si nitakuwa najisifu?" Na aya anayoikusudia anaijua, ile ya 32 ya Suratun-Najm inayotukataza kuzitakasa nafsi zetu.

Huwa nawakumbusha habari ya Nabii Yusuf (a.s.) katika aya ya 55 ya sura iliyobeba jina lake. Alipokuwa mbele ya mfalme wa Misri aliomba apewe usimamizi wa hazina za nchi, na akataja sifa zake mbili: kwamba ni mlinzi na ni mjuzi. Hakusema yeye ni bora kuliko watu wote. Alitaja kile alichonacho kinachohusiana na kazi anayoiomba, mbele ya mwenye haki ya kujua, kwa ajili ya manufaa ya watu. Kujitakasa ni kudai cheo mbele ya Mungu. Kusema "ninawasomesha Juzuu Amma watoto arobaini kila Jumamosi" ni kutoa ushahidi, na mwenye kuficha ushahidi naye ana hesabu yake.

Mipaka ninayojiwekea

Kwa hiyo nimejiwekea mipaka michache. Nauliza, sijibu. Narekebisha lugha, sirekebishi maisha. Mtoto hunisomea insha yake kwa sauti, na penye neno ambalo ulimi wake unakwama namuuliza kama ni lake. Mwisho humwambia: iwazie barua hii inasomwa ukumbini nyumbani kwenu, mama yako amekaa, jirani amekaa, na rafiki yako wa bweni. Je, kuna mstari utakaokufanya uinamishe uso? Kama upo, ufute.

Kazi hii ni nzito kwa mtu mmoja. Wapo ndugu zetu waliosoma vyuo vikuu, na kila Ijumaa tunakutana nao misikitini. Saa moja kwa wiki, ya kukaa na mtoto na kumuuliza tu, ni sadaka ambayo haihitaji mchango wa ndoo kupitishwa. Walimu wa shule zetu za Kiislamu nao wasingoje kidato cha sita. Mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuandika ukurasa mmoja wa kweli juu ya siku yake.

Tunaamini kwamba kuna siku kila mmoja wetu atatolewa kitabu chake kikiwa kimekunjuliwa, na ataambiwa akisome mwenyewe, kama ilivyo katika Suratul-Israa, aya ya 13 na 14. Hakuna Ustadh atakayemwandikia mtu kitabu kile, wala mchapaji atakayebadilisha jina na tarehe. Basi tuwazoeshe watoto wetu mapema kuyasoma maisha yao kama yalivyo.

Wabillahi tawfiq.