Punda wa Mefiboshethi

Mtu aliyevunjika uti wa mgongo na kupooza miguu hurudi nyumbani na swali ambalo hospitali haina dawa yake: je, anayehitaji mikono ya wengine ili aoge, avae na atoke nje, bado ni mtu huru? Katika Upare ya kusini swali hili ni zito zaidi, kwa sababu ardhi yenyewe imeinama. Suji iko juu milimani, wilayani Same. Barabara hupanda kutoka Makanya kwa kona nyingi, na ukishafika juu, safari ya kwenda kwa jirani, shambani au kisimani ni ya vijia vya miguu vya kupanda na kushuka. Kiti cha magurudumu cha kawaida cha hospitali, chenye vigurudumu vidogo mbele, kilibuniwa kwa sakafu laini. Kwenye kijia cha mlimani hakifiki mbali bila mtu wa kukisukuma, na mara nyingi hulazimika kubebwa pamoja na aliyekikalia.

Uti wa mgongo ukikatika hauungi kama mfupa. Hadi miaka ya 1940, hata katika nchi tajiri, wengi walioumia hivyo walikufa mapema kwa vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya njia ya mkojo. Mabadiliko makubwa yalitoka kwa Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, ambaye mwaka 1944 alifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kibofu kihudumiwe kwa usafi, na mikono ifanyishwe kazi mapema. Mwaka 1948 baadhi yao walishindana kupiga mishale wakiwa kwenye viti vyao, na mashindano hayo ndiyo chimbuko la Michezo ya Paralimpiki. Watu hao walipata uwezo wa kujiendesha kwa sababu kwanza walikubali kugeuzwa kama watoto wachanga. Falsafa inayoona kujitegemea na kutegemea kuwa mambo mawili yanayopingana haiwezi kueleza kilichotokea pale.

Kwa mkazi wa Suji, hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu ni KCMC, Moshi. Hapo ndipo kilipo TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu. Kiti kinachofaa ardhi ya mawe huwa na gurudumu la mbele lililosogezwa mbali ili kisipinduke, na mto wa kukalia unaolinda ngozi isiyohisi maumivu. Kazi inayobaki hufanyiwa nyumbani kila siku: kukagua ngozi, kujiinua kwa mikono ili damu ipite, kutoa mkojo kwa saa zake. Anayezimudu kazi hizi mwenyewe amepata sehemu kubwa ya uhuru wake, ingawa hajapiga hatua hata moja.

Epikteto, mwanafalsafa aliyekuwa mtumwa na ambaye mapokeo husema alikuwa kiwete, alifundisha kwamba mwili hauko chini ya mamlaka yetu, bali nia iko. Kwa hiyo hakuna mnyororo unaoweza kumfunga mwenye nia huru. Mafundisho hayo yamewashika mkono wengi gizani. Hata hivyo, kwa Suji yanagonga mwamba. Wamisionari Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani walianza kazi Upare mwaka 1903, na Suji ikawa mojawapo ya vituo vyao vya mwanzo. Kanisa hilo hufundisha kwamba mtu hana roho isiyokufa iliyokaa ndani ya mwili kama mpangaji. Mavumbi na pumzi ya Mungu kwa pamoja ndivyo mtu mwenyewe. Anayeamini hivyo hawezi kumwambia aliyepooza kwamba roho yake ni nzima, kwa hiyo mwili usimhangaishe. Kilichoumia ni yeye. Na anaposaidiwa kutoka nje, hiyo ni huduma ya kiroho kamili, sawa na sala.

Biblia ina kisa kimoja kinachogusa jambo hili kwa undani kuliko miujiza yote ya uponyaji. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka mitano yaya wake alipomwangusha wakikimbia, akalemaa miguu yote miwili. Baadaye mfalme Daudi alimrudishia mashamba ya babu yake, aliyekuwa mfalme kabla ya Daudi, na kumpa nafasi mezani pake siku zote. Chakula kilikuwepo, heshima ilikuwepo, watumishi walikuwepo. Lakini Daudi alipoukimbia mji mbele ya uasi wa mwanawe Absalomu, Mefiboshethi alibaki nyuma. Alipojieleza baadaye alisema kwamba alitaka kutandikiwa punda amfuate mfalme, na mtumishi wake Siba akamdanganya. Siba alikuwa ameondoka na punda na kumsingizia kwamba anautaka ufalme. Daudi aliwahi kuyaamini maneno ya Siba na kumpa mali yote. Aliposikia upande wa pili aliamua wagawane nusu kwa nusu. Mefiboshethi akajibu kwamba Siba achukue yote, maadamu mfalme amerudi salama.

Mahubiri mengi juu yake huishia mezani, kwenye fadhila za mfalme. Yangepaswa kufika kwa punda. Kukosa usafiri wa siku moja kulimnyima Mefiboshethi nafasi ya kujitetea, na aliyeweza kutembea ndiye aliyesimulia habari zake. Kulishwa vizuri hakukutosha kumfanya awe huru, kwa kuwa uamuzi wa kwenda au kubaki ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Harakati zilizoongozwa na Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kushiriki kuanzisha kituo cha maisha ya kujitegemea huko Berkeley, Marekani, mwaka 1972, zilifikia hoja hiyohiyo: kipimo cha kujitegemea ni kuamua, wala si kufanya kila kazi kwa mkono wako.

Hoja ya Berkeley, hata hivyo, inategemea wasaidizi wanaolipwa. Milimani msaidizi ni mke, mama au mtoto aliyeacha shamba au masomo, na uhuru wake nao unahesabika mbele za Mungu. Kumbebesha yeye peke yake mzigo wote ni dhuluma hata kama anaubeba kwa upendo. Wapare wanao msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kwayo jamii imechimba mifereji, imetengeneza ndiva za maji ya umwagiliaji na kulima barabara. Mtu haendi msaragambo kwa huruma. Huenda kwa sababu ni wajibu wa kila kaya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo ya umma yafikike, na wajibu huo unaweza kutekelezwa kwa jembe lilelile. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya kiti cha magurudumu ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Ngazi za kanisa zenye kimo cha nusu mita zinahitaji mteremko wa mita 6.