Nadhiri na Maneno Yake

Hapa Mwembesongo, chini ya milima ya Uluguru, mtoto aulizapo siku ya Ijumaa Kuu ni nani waliomwua Yesu, pengine mzazi hujibu upesi: Wayahudi. Jibu hilo ndilo lililotolewa muda mrefu jukwaani Oberammergau, kijiji cha Ujerumani. Mwaka 1633, wakati wa tauni, wanakijiji waliweka nadhiri ya kuigiza Mateso ya Bwana wetu kila miaka kumi. Wakaanza 1634, na wajukuu wao wangali wakiigiza.

Aliyelitazama igizo hilo 1990, kisha akarudi 2000, hakuusikia tena ukelele wa umati wa kujitwika damu ya Yesu, wao na wana wao. Je, nadhiri imevunjwa? Shaka hiyo si ya kudharauliwa, maana ukelele huo umo katika Injili ya Mathayo. Lakini waliyoahidi wazee wale ni Mateso, wala si maneno ya kitabu kimoja cha mchezo. Navyo vitabu hivyo vimeandikwa upya mara nyingi. Tena Hitler alilitazama 1934, na 1942 akalisifu kwa jinsi lilivyowaonyesha Wayahudi. Sifa kama hiyo yatosha kumtia mtunzi hofu.

Mtaguso wa Vatikano, 1965, ulikataza kuwatwika Wayahudi wote kosa hilo. Wala si neno geni: Katekisimu ya 1566 ilikwisha kufundisha kwamba hatia yetu Wakristo tutendao dhambi ni nzito kuliko yao.