Leso ya Pili



Leso huuzwa mbili mbili. Moja hufungwa kiunoni, ya pili hutupiwa mabegani, na mtoto akisinzia hugeuka mbeleko. Kanisani kwetu yupo dada ambaye leso ya pili haikumtoka mgongoni. Hata wakati wa tangambili, kaskazi imekatika na kusi haijaingia, Malindi yote inafukuta, yeye amejitanda. (Yeye na mumewe wameniruhusu nisimulie, mradi nisiwataje.) Uti wake wa mgongo ulianza kupinda akiwa darasa la saba. Bega la kulia likapanda, mbavu zikatokeza nyuma. Shuleni wakamwita Kibiongo.

Nyumbani yalisemwa mengi: karogwa, mamake kavunja mwiko. Madaktari wanasema mara nyingi mgongo hupinda mtoto anapobalehe, chanzo kisijulikane, na wasichana ndio huzidiwa zaidi. Kwa wengine ni kifua kikuu kilichoingia kwenye mifupa, nacho kina dawa. Hakuna mkosaji hapo. Lakini pwani yetu inapenda umbo. Bibi zetu wa Kigiriama walivaa sketi ya hando ili nyonga zijae, na msichana ambaye nguo haimkai hukua akilijua hilo bila kuambiwa.

Aliolewa, na ndoa niliifungisha mimi. Mwaka wa nne akaja kwangu. "Mchungaji, mume wangu hajawahi kunigusa mgongo. Hunikumbatia kama aliyebeba trei ya mayai." Kila usiku alizima taa mapema, akalala chali hata mgongo ukimuuma. Moyoni alishakata shauri kwamba anaonewa kinyaa.

Nikamwita mume. Ni mvuvi, maneno yake machache. Alikaa kimya kitambo, akitazama viganja vyake. "Niliogopa kumuumiza," akasema. "Na yeye hujifunika. Nikaona ni adabu nisipaguse."

Alichokiona yeye adabu, mkewe alikuwa akikililia gizani. Mpendwa, ni mangapi nyumbani kwako unayoyajua kwa kukisia tu?

Injili ya Luka, sura ya 13, inamsimulia mwanamke aliyepinda kwa miaka 18. Wahubiri tunapenda kukimbilia pale aliponyooka. Nakiri kwamba dada huyu nasi tulimwita mbele mara nyingi mno, mkutano baada ya mkutano, tukauombea mgongo wake bila kumuuliza moyo wake una haja gani. Siku hizi naisoma habari hiyo polepole. Yesu alimwona, akamwita, akasema naye, akamwekea mikono. Mkuu wa sinagogi alipokasirika kwa sababu ya Sabato, Yesu alimtetea mama yule kuwa ni binti wa Ibrahimu. Ubinti huo hakuupata aliponyooka. Alikuwa nao miaka yote 18, akitazama mchanga.

Je, pale unapojificha, ungemruhusu anayekupenda apaone?

Kwa hawa wawili haikuwa kazi ya siku moja. Mke ilimbidi amsamehe mumewe kosa ambalo hakulitenda, na hilo ni gumu kuliko unavyodhani, maana uchungu wa miaka minne haufutiki kwa sababu tu ulikosea nyumba. Mume naye alisamehe kudhaniwa vile.

Walianzia kwenye mafuta ya nazi. Mgongo uliopinda huchosha misuli ya upande mmoja, na jioni, baada ya kuteka maji, mgongo wa dada huyu hukaza kama kamba ya nanga. Akamwomba mumewe amkande. Alinisimulia akicheka: mume alisogeza vidole kidogo kidogo, akiuliza, "Hapa? Na hapa?" Taa iliwaka, kwa sababu alitaka kuona anapopaka.

Jumapili iliyopita joto lilikuwa la kukatisha mahubiri. Leso yake ya pili ilikuwa imetandikwa kwenye benchi, mtoto wa jirani amelalia. Wakati wa sadaka alipita mbele yetu sote, akarudi, akakaa, na mtoto hakumwamsha.